Mipaka ya uchunguzi wa Tume ya Haki za Binadamu katika malalamiko ya makazi

Mipaka ya uchunguzi wa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ni masharti ya Katiba na sheria yanayoonyesha malalamiko ambayo Tume hiyo ya Tanzania haiwezi kuyachunguza, au ambayo inaweza kukataa kuyachunguza. Katika mambo ya makazi mipaka hiyo ina uzito mkubwa, kwa sababu mwananchi aliyebomolewa nyumba au aliyecheleweshewa fidia huwa na zaidi ya mahali pamoja pa kupeleka shauri lake. Akianza mahali fulani, anaweza kukuta mahali pengine pamefungwa.

Makala hii inaeleza mipaka hiyo, sababu zake, na jinsi inavyomgusa mkazi wa mji kama Singida, ikichukua kata ya Utemini kuwa mfano.

Asili ya Tume

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora (kifupi: THBUB) ni chombo cha aina inayoitwa ombudsmani. Neno hilo lina asili ya Kiswidi. Ofisi ya kwanza ya namna hiyo iliundwa nchini Uswidi mwaka 1809 ili kupokea malalamiko ya raia dhidi ya maofisa wa serikali. Kazi ya ombudsmani ni kuchunguza jinsi ofisi ya umma ilivyomtendea mtu: je, ilifuata utaratibu, ilitenda kwa haki, ilitoa majibu kwa wakati?

Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kuunda chombo cha namna hiyo. Mwaka 1966, wakati wa serikali ya Julius Nyerere, ilianzishwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Erasto Mang'enya. Nchi ilikuwa na chama kimoja, na Tume ilionekana kuwa njia ya raia wa kawaida kumshtaki ofisa aliyetumia madaraka yake vibaya. Makamishna walisafiri mikoani kusikiliza wananchi. Hata hivyo taarifa zao zilipelekwa kwa Rais, na yeye ndiye aliyeamua hatua za kuchukua. Tume yenyewe haikuwa na uwezo wa kutengua uamuzi wa ofisi yoyote.

Mabadiliko ya 13 ya Katiba, yaliyofanyika mwaka 2000, yaliweka msingi wa Tume mpya. Sheria Na. 7 ya mwaka 2001 (Sura ya 391 ya sheria za Tanzania) ikaiunda THBUB, nayo ikaanza kazi tarehe 1 Julai 2001. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Jaji Robert Kisanga. Tume mpya ilipewa kazi mbili pamoja: kulinda haki za binadamu, na kusimamia utawala bora, yaani ile kazi ya zamani ya ombudsmani. Makao makuu yake yako Dodoma.

Malalamiko ya makazi ni yapi

Katika nchi kadhaa za Ulaya serikali humlipia mtu mwenye kipato kidogo sehemu ya kodi ya nyumba. Nchini Uingereza ruzuku hiyo ya pango husimamiwa na halmashauri za mitaa, na malalamiko kuhusu ucheleweshaji na makosa ya hesabu yamekuwa sehemu ya kawaida ya kazi ya ombudsmani wa huko. Tanzania haina ruzuku ya pango kwa wananchi wote. Malipo yanayokaribiana nayo ni posho ya makazi, ambayo ni sehemu ya fidia anayolipwa mtu ambaye nyumba yake imetwaliwa kwa manufaa ya umma, kwa mfano kupisha barabara, shule au mradi wa maji.

Ibara ya 24 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na inakataza kunyang'anywa mali hiyo bila fidia inayostahili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe kwa wakati. Kanuni za mwaka 2001 za kuthamini ardhi kwa ajili ya fidia zinataja sehemu zake:

- thamani ya ardhi na ya maendeleo yaliyofanywa juu yake, yaani nyumba, mazao na miti;
- posho ya usumbufu;
- posho ya usafiri wa kuhamisha vitu;
- posho ya makazi;
- fidia ya hasara ya faida, kwa mtu aliyekuwa akifanya biashara mahali hapo.

Posho ya makazi hupatikana kwa kukadiria kodi ya soko ya jengo kwa mwezi na kuizidisha kwa miezi 36. Kama nyumba ingeweza kupangishwa kwa shilingi 150,000 kwa mwezi, posho yake ni shilingi 5,400,000. Lengo ni kumwezesha aliyehamishwa kupanga mahali pengine anapojenga upya. Posho hii haitolewi kwa ardhi isiyokaliwa na mtu. Fidia isipolipwa ndani ya miezi 6, sheria inataka iongezwe riba.

Malalamiko mengine ya makazi yanayohusu ofisi za umma ni kubomolewa nyumba bila notisi, kufukuzwa katika eneo linalodaiwa kuwa hifadhi, kiwanja kimoja kugawiwa watu wawili, kucheleweshwa kwa hati, na mtumishi wa umma kutolipwa stahili ya nyumba.

Nani anaweza kulalamika

Mtu aliyeathirika anaweza kulalamika mwenyewe, au mtu mwingine akalalamika kwa niaba yake. Kikundi cha watu na shirika pia vinaweza kufanya hivyo. Lalamiko linaweza kuandikwa au kutolewa kwa mdomo likaandikwa na ofisa wa Tume, na halina malipo. Tume inaweza pia kuanza uchunguzi kwa hiari yake bila kungoja mlalamikaji. Inapochunguza ina uwezo wa kumwita mtu kutoa maelezo na kudai nyaraka.

Urahisi huo ndio unaofanya wengi waikimbilie. Kesi mahakamani inahitaji hati za madai, ada, na mara nyingi wakili; lalamiko kwa Tume linahitaji maelezo yanayoeleweka na vielelezo.

Mambo ambayo Tume haiwezi kuyachunguza

Ibara ya 131 ya Katiba na kifungu cha 16 cha Sheria Na. 7 ya 2001 vinaweka mipaka ifuatayo.

Kwanza, Tume haichunguzi jambo lililoko mbele ya mahakama au chombo kingine cha kimahakama. Kwa malalamiko ya makazi huu ndio mpaka unaogusa watu wengi zaidi. Maneno "chombo kingine cha kimahakama" yanapanua katazo hilo lisiishie kwenye mahakama za kawaida. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo husikiliza na kuamua migogoro ya ardhi, ni chombo cha namna hiyo. Sababu ya katazo ni kuzuia vyombo viwili kutoa majibu mawili katika shauri moja, na pia kulinda uhuru wa mahakama. Kwa sababu hiyohiyo Tume si mahali pa kukatia rufaa: mtu aliyeshindwa kesi hawezi kuiomba Tume ipitie upya hukumu ya hakimu au jaji. Njia yake ni mahakama ya juu zaidi.

Pili, Tume haichunguzi uhusiano kati ya Serikali na serikali ya nchi ya nje au shirika la kimataifa. Mpaka huu unaweza kujitokeza pale ambapo watu wamehamishwa kupisha mradi wenye fedha za nje. Mashauriano ya Serikali na mfadhili yako nje ya uwezo wa Tume. Lakini namna ofisi za Tanzania zilivyowathamini na kuwalipa wakazi ni utendaji wa ndani, na hapo mlalamikaji bado ana hoja.

Tatu, Tume haichunguzi madaraka ya Rais ya kutoa msamaha kwa wafungwa. Jambo hili halihusiani sana na makazi.

Nne, Tume haimchunguzi Rais wa Jamhuri ya Muungano wala Rais wa Zanzibar. Jambo hili lina maana yake katika ardhi, kwa kuwa chini ya Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 Rais ndiye mwenye mamlaka ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma. Uamuzi wenyewe wa kutwaa ni tofauti na kazi ya maofisa wanaoutekeleza. Mthamini aliyeruka chumba au ofisa aliyekaa na jalada la malipo hafichwi na kinga ya Rais.

Tano, Rais anaweza kuiagiza Tume isichunguze jambo fulani au isiendelee nalo. Ibara ya 130 inasema Tume ni idara huru isiyolazimika kufuata maagizo ya mtu yeyote. Ibara hiyohiyo inaongeza kwamba Rais anaweza kuipa maagizo akiridhika kuwa maslahi ya taifa yanahitaji hivyo.

Malalamiko yanayoweza kukataliwa

Mbali na makatazo hayo, Tume ina hiari ya kukataa au kuacha kuchunguza lalamiko lililo ndani ya uwezo wake. Inaweza kufanya hivyo kama lalamiko ni dogo mno au halina msingi, kama limeletwa kwa nia mbaya, au kama mlalamikaji hana maslahi ya kutosha katika jambo lenyewe. Pia inaweza kuona kwamba kuna njia nyingine inayofaa zaidi, na kumwelekeza mlalamikaji huko.

Aina tatu za malalamiko ya makazi mara nyingi zina njia yake nyingine. Ya kwanza ni ugomvi wa mwenye nyumba na mpangaji wake wakiwa watu binafsi. Hapo hakuna ofisi ya umma iliyotumia madaraka vibaya. Kuna mkataba uliovunjwa, na Baraza la Ardhi na Nyumba ndilo lenye kazi hiyo. Ya pili ni ugomvi wa mpaka au urithi wa kiwanja kati ya majirani au ndugu. Ugomvi huo huanza kwa usuluhishi katika Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 lina kazi ya kusuluhisha tu na halitoi hukumu ya ardhi. Ya tatu ni madai ya mtumishi wa umma kuhusu stahili zake za ajira. Sheria ya Utumishi wa Umma inamtaka amalize kwanza ngazi za rufaa zilizomo katika sheria hiyo kabla ya kwenda katika vyombo vya sheria za kazi.

Uchunguzi hauwi hukumu

Hata pale Tume inapochunguza na kumkuta mlalamikaji ana haki, kuna mpaka mwingine: inachotoa ni mapendekezo. Haiwezi yenyewe kuandika hundi ya fidia, kufuta hati ya kiwanja au kumfukuza ofisa kazini. Kifungu cha 28 cha sheria yake kinaitaka ofisi iliyolalamikiwa kutoa taarifa ya hatua ilizochukua katika muda usiozidi miezi 3. Ikikaa kimya au ikikataa, shauri linaweza kupelekwa mahakamani ili mapendekezo yatekelezwe.

Nguvu ya kifungu hicho ilipimwa katika kesi ya Nyamuma, ambayo ilihusu makazi moja kwa moja. Mwezi Oktoba 2001 wakazi wa Nyamuma, wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara, waliondolewa kwa nguvu katika eneo lililodaiwa kuwa sehemu ya hifadhi, na nyumba zao zikachomwa moto. Wanakijiji 135 walilalamika kwa Tume wakisaidiwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Baada ya uchunguzi Tume iliona haki zao zimevunjwa, ikapendekeza walipwe fidia na warudishwe katika ardhi yao. Serikali haikukubaliana na mapendekezo hayo.

Kituo kilikwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Ardhi, kuomba mapendekezo yatekelezwe, lakini hakikufanikiwa. Kikakata rufaa. Katika Rufaa ya Madai Na. 88 ya mwaka 2006, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba Mahakama Kuu ina uwezo wa kusikiliza maombi ya kutekeleza mapendekezo ya Tume. Kwa uamuzi huo, mapendekezo yalipata njia ya kupewa nguvu ya amri. Lakini kesi hiyo pia inaonyesha urefu wa safari yenyewe: miaka kadhaa baada ya nyumba kuchomwa, hoja iliyokuwa ikibishaniwa ilikuwa bado ni kama shauri linaweza kusikilizwa.

Mfano wa kata ya Utemini

Utemini ni kata ya Manispaa ya Singida, katika Mkoa wa Singida, Tanzania. Mji wa Singida unajulikana kwa maziwa yake mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Mpaka Dodoma, yaliko makao makuu ya Tume, ni mwendo wa takriban kilomita 240 kwa barabara. Mifano inayofuata ni ya kufikirika. Imewekwa kuonyesha jinsi sheria inavyofanya kazi.

Mkazi wa kwanza amefanyiwa tathmini ili kupisha barabara. Amehama, lakini mwaka unapita hajalipwa, na barua zake hazijibiwi. Hili ni lalamiko la ucheleweshaji na kutojibiwa, na ndiyo kazi ya ombudsmani. Tume inaweza kudai jalada na kuuliza limekwama kwa nani.

Mkazi wa pili amelipwa, lakini posho ya makazi haimo katika malipo, ingawa alikuwa akiishi katika nyumba hiyo. Tume inaweza kuchunguza kwa nini kanuni haikufuatwa. Kama ubishi wake ni juu ya kiasi tu, kwamba kodi ilikadiriwa shilingi 80,000 badala ya 150,000, Tume inaweza kuangalia kama utaratibu wa tathmini ulifuatwa. Lakini swali la nyumba ina thamani gani ni la wathamini, na mwisho wake ni mahakamani.

Mkazi wa tatu tayari amefungua shauri kuhusu kiwanja kilekile. Akiandika barua kwa Tume atajibiwa kuwa jambo liko mbele ya chombo cha kimahakama. Kulifuta shauri ili arudi kwa Tume ni uamuzi wa kufikiriwa vizuri na mtu mwenye ujuzi wa sheria, maana ukomo wa muda unaweza kumzuia kulifungua tena.

Mkazi wa nne amejenga karibu na ziwa na kuamriwa kuondoka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Tume haiwezi kuhalalisha nyumba iliyo ndani ya mita hizo. Inaweza kuchunguza kama kipimo kilipigwa kweli, kama notisi ilitolewa, na kama ofisi iliyomfukuza ndiyo iliyompa kibali cha kujenga.

Suala la muda

Lalamiko kwa Tume halina nguvu ya hati ya kufungua kesi. Anayesubiri majibu ya Tume anapaswa kujua kwamba sheria za mahakama zina saa zake. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inaweka muda wa kila aina ya madai. Kudai ardhi ni miaka 12, lakini madai ya fidia kwa kitendo kilichofanywa kwa kutumia sheria yana muda wa mwaka 1 tu. Tena anayetaka kuishtaki Serikali lazima atoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, na tangu mabadiliko ya mwaka 2020 utaratibu huo unazihusu pia halmashauri, na kesi yenyewe hufunguliwa Mahakama Kuu.

Kwa hiyo mambo mawili huenda pamoja. Anayewahi mahakamani huifungia Tume mlango. Anayekaa sana kwenye Tume anaweza kukuta mlango wa mahakama umefungwa kwa ukomo. Njia inayopunguza hatari ni kulalamika mapema, kutunza nakala ya kila barua yenye muhuri wa kupokelewa, fomu ya tathmini na picha za nyumba kabla haijabomolewa, na kuhesabu siku tangu tukio lilipotokea.

Nchi nyingine

Nchini Kenya, Tume ya Haki ya Utawala, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ina mipaka inayofanana: haichunguzi jambo lililoko mahakamani, uamuzi wa Baraza la Mawaziri, wala kosa la jinai. Sheria yake imeongeza kwamba haichunguzi jambo ambalo mtu ana haki ya kulikatia rufaa au ana njia nyingine ya kisheria, isipokuwa Tume ikiona si haki kumtarajia aitumie njia hiyo. Hivyo nchini Kenya mlango unaweza kufungwa hata kabla mtu hajafungua kesi, kwa sababu tu angeweza kuifungua.

Nchini Uingereza kanuni ni kama hiyo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1974 inamzuia ombudsmani kuchunguza jambo ambalo lingeweza kukatiwa rufaa katika baraza la kimahakama, na malalamiko hutakiwa kuletwa ndani ya miezi 12 tangu mtu alipofahamu tatizo, ingawa anaweza kulegeza masharti hayo kwa sababu nzuri. Kwa kuwa uamuzi kuhusu ruzuku ya pango una rufaa yake, kosa la hesabu hupelekwa barazani. Ombudsmani hubaki na mambo ya utendaji: halmashauri iliyochelewesha uamuzi, iliyopoteza nyaraka, au iliyokalia barua ya rufaa bila kuipeleka inakohusika.

Katika nchi zote hizi swali la msingi linalotenganisha vyombo ni lilelile. "Sheria inanipa kiasi gani?" ni swali la mahakama au baraza. "Kwa nini ofisi imenitendea hivi?" ni swali la ombudsmani. Mlalamikaji anayeandika barua yake kwa kutenganisha maswali hayo mawili hupunguza uwezekano wa kurudishwa mlangoni.